Nilivyoacha Kupampu

Kwa miaka tisa nilisifiwa kwa sababu ya ubovu. Gari aliloniachia marehemu baba, Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya 109, lilikuwa na breki zisizoshika mpaka ukanyage mara mbili, na mara tatu ukiwa na mzigo. Madereva wengine walikataa kulishika. Mimi nililizoea, na watu wa kwetu Lushoto wakawa wanasema gari lile linamjua mwenyewe. Neno hilo lilinipendeza. Binti yangu alipopata leseni na kuomba ufunguo, nilimjibu kwamba hajaijua pedeli.

Leo nashuhudia kwamba nilikuwa nawahatarisha watu, tena watu wangu mwenyewe.

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo ni zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, na inashuka karibu mita 1,000. Siku hiyo tulikuwa tumebeba magunia ya kabichi, binti yangu akiwa ameketi kando yangu. Tulipoipita Soni alisema anasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikamwambia ni breki za malori. Kona mbili mbele nikakanyaga, pedeli ikaenda hadi chini kama nimekanyaga unga. Nikapampu mara tatu, mara nne, mara tano. Hakuna kitu.

Niliingiza gia ya pili, injini ikanguruma, mwendo ukapungua. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma, na ukiivuta kwa kasi unaweza kuvunja vitu. Nikangoja mpaka tukawa tunatambaa, ndipo nikaivuta na kuliegemeza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linafuka moshi. Binti yangu hakulia wala hakunilaumu. Aliteremka, akaketi juu ya jiwe, akanitazama. Mpaka sasa nikifumba macho naona alivyonitazama.

Baada ya saa moja pedeli ilirudi yenyewe, kama kawaida yake. Mimi wa zamani ningewasha na kuendelea. Safari hii nilimpandisha binti kwenye basi, gari nikalisogeza kwa gia ya kwanza hadi uwanja wa duka la jirani, nikapiga simu. Akaja fundi mmoja mzee kutoka Mombo, juu ya bodaboda, na kisanduku cha spana mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linakusumbua nini?"

"Breki. Ila huwa nikipampu zinakuja."

"Zinakuja kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza.

Hakushika spana. Aliniambia nikanyage pedeli na kuishikilia, akahesabu polepole mpaka sitini. Kama ingezama taratibu chini ya mguu wangu, angesema mipira ya masta silinda imechoka na mafuta yanapenya ndani kwa ndani. Haikuzama. Roho iliniuma, maana nilikuwa nimeshanunua masta silinda mbili kwa kubahatisha. Kisha akasema nipampu. Pedeli ikapanda, ikawa ngumu. Akanieleza kwamba ingepanda huku inanesa kama godoro, kungekuwa na upepo kwenye mabomba. Ikipanda na kukaza, viatu vya breki viko mbali na dramu, na pampu ya kwanza inatumika kuvisogeza tu. Vile vyuma vya kurekebishia viatu vilikuwa vimeganda kwa kutu. Ule ufundi wangu wote ulikuwa kazi ya spana moja na mafuta ya kulainishia kutu.

Hilo lilieleza kupampu. Moshi ulikuwa jambo jingine. Alilipiga jeki gurudumu la mbele kushoto, nikakanyaga na kuachia, akajaribu kulizungusha: limekaza. Akalegeza kiungo cha bomba la chuma juu ya hosipaipu ya mpira; bado limekaza. Akafungua nipeli pale kwenye gurudumu, mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka. Akaikata ile hosipaipu na kunionyesha. Nje ilikuwa nzima, ndani imevimba hadi kubaki tundu la sindano. Mguu wangu ulikuwa na nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini springi za viatu hazikuweza kuyarudisha. Basi gurudumu lile lilikuwa likijikamata lenyewe mteremko mzima, likipata moto.

Na mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205; yakishanyonya maji, kiwango hushuka hadi kama 140. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hukandamizika, mguu ukaenda chini bure. Yangu hayakuwahi kubadilishwa, yalikuwa yakiongezwa tu. Nikakiri kwa mzee kwamba mara mbili nilishaongeza maji ya sabuni, kama nilivyoona wengine wakifanya. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza nina watoto wangapi.

Tulikaa pale siku tatu. Tulinunua hosipaipu zote, mipira mipya ya silinda (magurudumu ya mbele yana silinda mbili kila moja), tukasafisha mabomba kwa spiriti. Vumbi la viatu vya zamani alililowesha maji kabla ya kulifuta, akanikataza kulipuliza, kwa kuwa viatu vya miaka ile huwa na asbesto. Kabla ya kutoa upepo alikaza viatu vyote vikabana dramu, ili pistoni za silinda zisitembee sana tukikanyaga. Nikaketi kwenye usukani. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Tulianza na gurudumu la mbali zaidi na kumalizia lililo karibu na masta silinda. Mwisho akavirudisha viatu kiasi. Nikakanyaga mara moja. Pedeli ikasimama juu, na machozi yakanitoka mbele ya mzee wa watu.

Sasa mafuta nayabadilisha kila baada ya miaka miwili, kutoka chupa mpya. Mlima naushuka kwa gia, kuanzia pale juu, kabla gari halijapata kasi. Tukifika Mombo nazunguka nikisogeza mgongo wa mkono karibu na kila dramu, kusikia kama ya mbele yana joto sawa, na ya nyuma vilevile.

Mwezi uliopita binti yangu aliomba tena ufunguo, nikampa. Alipanda, akakanyaga pedeli kabla ya kuwasha, akaishikilia. Nilisimama nje nikamsikia akihesabu hadi sitini.