Deni la Ng'ombe wa Maziwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka, nami leo nataka kuipeleka bandani, kwa mwenye ng'ombe wa maziwa. Katika Kwale yetu, tangu Matuga na Diani mpaka Msambweni na Lungalunga, wako watu wengi wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili wa gredi, au waliochanganyika damu na ng'ombe wetu wa asili wenye nundu. Maziwa yana soko Ukunda, na mwenye kuvuka kivuko cha Likoni hukuta soko kubwa zaidi Mombasa. Fedha za maziwa twazihesabu sana. Lakini ni wachache kati yetu wanaohesabu ng'ombe mwenyewe ametoa nini mwilini mwake, na amerudishiwa nini.

Basi na tufanye hesabu hiyo. Lita moja ya maziwa huchukua kiasi cha gramu moja na robo ya kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa, na karibu gramu moja ya fosforasi. Ng'ombe mwenye kutoa lita 8 kwa siku, akikamwa siku 300, atatoa lita 2,400. Ndani ya maziwa hayo mna kiasi cha kilo 3 za kalsiamu na zaidi ya kilo 2 za fosforasi, na vyote vimetoka mwilini mwa mnyama mmoja katika mwaka mmoja.

Vitu hivi havitoki hewani. Ng'ombe asipovipata horini huvikopa katika mifupa yake mwenyewe, kwani karibu kalsiamu yote ya mwili na sehemu nne katika tano za fosforasi zimewekwa humo. Mkopo huu hauna kelele. Mwenye ng'ombe huona kibuyu kimejaa, naye hufurahi. Baada ya miezi mingi ndipo deni hujitokeza: ng'ombe hukonda mgongo, haonyeshi dalili za kutaka fahali, akipandwa hashiki mimba, na malishoni huokota mifupa mikavu au kipande cha kamba akatafuna. Mwenye kuona ng'ombe wake anatafuna mifupa asicheke. Mnyama huyo anaomba kwa njia aliyo nayo.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Shangazi yangu, anayekaa Msambweni, alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye damu ya Jersey, na maziwa yake ndiyo yaliyomlipia mjukuu karo ya shule. Ng'ombe huyo alizaa mara ya tatu, akazaa salama, na siku ya pili hakuweza kusimama. Alilala kifuani, shingo ameigeuza ubavuni, masikio yake baridi. Majirani walikusanyika. Mmoja alisema ni jicho la watu, mwingine akataka aitwe mganga. Nilipofika shangazi aliniambia, "Mwanangu, mlango wa shule ya mtoto ndio huu unaofungwa." Tulimwita Bwana Mifugo, kama wazee wanavyomwita mpaka leo. Alipomtazama mara moja alisema kwamba hiyo ni homa ya maziwa, ijapokuwa mwili wa ng'ombe haukuwa na joto lolote. Akatundika chupa ya dawa ya kalsiamu, akaitia katika mshipa wa shingo polepole sana, kwani ikienda kwa haraka moyo waweza kusimama. Kabla ya jua kuchwa ng'ombe alisimama akanywa maji.

Watu waliona mwujiza. Bwana Mifugo alitueleza kwamba ng'ombe akizaa, kiwele huvuta kalsiamu nyingi katika damu kwa siku moja, na mifupa haiwahi kuifungua akiba yake upesi. Tena alituonya jambo ambalo wengi hawalidhani: kumlisha ng'ombe kalsiamu nyingi katika majuma ya mwisho kabla ya kuzaa kwaweza kuizidisha hatari hiyo, maana mwili uliozoea kupewa husahau kuchota akibani. Kipimo cha ng'ombe anayengoja kuzaa si kile cha ng'ombe anayekamwa.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia kila siku pwani. Watu husema, "Sisi tumezungukwa na bahari. Upepo una chumvi, na maji ya visima yana chumvi. Ng'ombe wetu wanunuliwe chumvi ya nini tena?" Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo yenye kutudhuru. Chumvi ya bahari ni sodiamu na klorini. Haina fosforasi ya kumtosha ng'ombe, wala shaba, wala zinki, wala kobalti kwa kadiri anayohitaji.

Tena kuna hila ndani yake. Jiwe la kulamba linalouzwa madukani limefanyizwa kwa chumvi nyingi kwa makusudi, ili hamu ya chumvi imvute mnyama alambe, na pamoja na chumvi apate yale madini mengine. Ng'ombe wa bara, ambaye maji yake ni matamu, hulilamba kwa pupa. Ng'ombe wa karibu na bahari, anayenyweshwa maji ya kisima cha matumbawe chenye chumvi, amekwisha kushiba chumvi kabla ya kulifikia jiwe. Hulilamba kidogo akaliacha. Mwenyewe hulitazama jiwe lisilopungua, akasema ng'ombe wake hana haja nalo, kumbe haja ingalipo. Kwa sababu hii, yafaa sisi wa Diani na Msambweni tununue madini ya unga, tuyachanganye na pumba wakati wa kukama, ili kipimo cha siku kiingie tumboni bila kungoja hamu ya mnyama.

Jambo hili si geni duniani. Katika mapango ya Mlima Elgon ndovu huingia gizani wakachimba kuta kwa pembe zao ili wale mawe yenye chumvi. Huko Afrika ya Kusini tabibu wa mifugo Arnold Theiler alichunguza ng'ombe waliokuwa wakipooza na kufa kwa wingi. Iligunduliwa kwamba malisho yao hayakuwa na fosforasi ya kutosha, nao kwa njaa ya fosforasi walitafuna mifupa ya mizoga yenye sumu. Walipopewa unga wa mifupa waliacha kutafuna mizoga. Na hapa Kenya, upande wa Nakuru, ng'ombe walikonda katikati ya majani mengi, na sababu yake ilikuja kujulikana kuwa ni upungufu wa kobalti, madini ambayo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huyatumia kutengeneza vitamini B12. Majani yalikuwapo, ila ndani yake kulipungua kitu kidogo kama punje ya mchanga.

Nataja unga wa mifupa kwa habari tu. Mtu asisage mifupa ya machinjioni akampa ng'ombe. Ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe, uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, ulienea kwa chakula kilichofanyizwa kwa mabaki ya wanyama. Siku hizi fosforasi ya mifugo hupatikana katika mawe, nayo imo katika madini yaliyokwisha kuchanganywa. Wala asitwae chokaa ya tanuri la kujengea akaitia horini, kwani huunguza kinywa na matumbo.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Madini hayageuki kuwa majani. Ng'ombe mwenye njaa na kiu hatatoa maziwa kwa kupewa unga wa gunia. Kwanza apate maji, lita 50 na zaidi kwa siku katika joto letu. Pili apate majani ya kutosha, na nepia ikatwe ingali changa. Tatu, tutumie tulivyo navyo shambani. Majani ya lukina na ya glirisidia yana kalsiamu nyingi, na ubichi wake ndio mama wa vitamini A, ambayo hupungua sana wakati wa kaskazi, nyasi zinapokauka tangu Januari mpaka Machi. Lakini lukina isizidi sehemu moja katika tatu ya chakula chote, kwani ina sumu kidogo ndani yake. Pumba za mahindi na mashudu ya nazi huongeza fosforasi. Vitamini D ng'ombe huipata kwa jua, basi asifungwe gizani mchana kutwa. Na vitamini za jamii ya B tumbo la ng'ombe mkubwa mwenye afya hujitengenezea lenyewe. Yafaa kulijua hili kabla ya kumlipa mtu apitaye na sindano za vitamini akiahidi maziwa mara mbili.

Katika kununua pia yataka macho. Nimewahi kuuziwa, katika duka nisilotaka kulitaja, mfuko ulioitwa madini, na ndani yake mlikuwa na chumvi ya kawaida iliyotiwa rangi nyekundu. Niliutambua kwa kuonja na kwa kuwa mfuko haukuandikwa vilivyomo, nikaurudisha siku ile ile. Mfuko wa kweli huandikwa kalsiamu ni kiasi gani, fosforasi kiasi gani, pamoja na shaba, zinki, kobalti na seleni, na gramu za kumpa ng'ombe kwa siku. Asiyejua kusoma amwombe mwanawe amsomee. Kipimo kisizidishwe kwa kudhani kwamba kingi ni kizuri, kwa sababu seleni na shaba zikizidi huua.

Ndugu zangu wakulima, nanyi makarani mnaofuga nyumbani na kushinda ofisini, daftari la senti mbili tatu latosha kwa kazi hii. Upande mmoja andika lita zilizokamwa, tarehe ya kupandwa na tarehe ya kuzaa. Upande wa pili andika majani, pumba na madini aliyopewa. Baada ya mwaka mmoja vitazame vichwa viwili hivyo. Ukikuta upande wa kutoa umejaa na upande wa kulipa ni mweupe, jua kwamba maziwa uliyouza yalikuwa mifupa ya ng'ombe wako, na kwamba mfupa una mwisho.