Oktoba Yetu na Februari ya Huku

Kila Jumatatu ya tatu ya Februari Marekani huadhimisha Siku ya Marais, na hawakosekani Wakenya wa huku wanaoitaja kama dalili ya taifa linalojua kuwaheshimu viongozi wake, tofauti na sisi tusiochoka kubadilisha majina ya sikukuu. Sifa hiyo inaniudhi. Kisheria siku yenyewe bado ni ya kuzaliwa kwa George Washington. Tangu 1971, ilipohamishiwa Jumatatu ili wikendi iwe ndefu, imekuwa msimu wa magodoro na magari ya bei nafuu. Hawagombani juu yake kwa kuwa wengi hawaifikirii. Sisi tunagombana, na ugomvi wetu una maana.

Tuitazame Oktoba 20. Mwaka 1952, tarehe hiyo, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwakamata watu. Waliofikishwa mahakamani Kapenguria walikuwa sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba. Sikukuu ikabeba jina la mmoja kwa miaka mingi, mpaka Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Mashujaa. Siku ya Moi, Oktoba 10, katiba hiyo haikuiorodhesha kabisa, ila mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba bado ni likizo kwa sababu sheria ya sikukuu haikuwa imerekebishwa. Tangu hapo imeitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, na mwaka 2024 ikaitwa Mazingira. Nakubali kwamba huko ni kuyumba. Lakini kuyumba huko kunatokana na kosa la mwanzo, la kumpa kiongozi sikukuu naye angali Ikulu, wakati ambapo hakuna anayethubutu kumuuliza alichofanya.

Wapo watakaosema kwamba kumwondoa Kenyatta kwenye jina la siku ni utovu wa shukrani. Si hivyo. Jina lilipofunguka, ndipo Mekatilili wa Menza, aliyehamishiwa Kisii kwa kuwaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alipopata nafasi anayostahili katika hadithi ya taifa. Ndipo tunapoweza kumtaja pia Chege Kibachia, aliyeongoza muungano wa wafanyakazi uliozaliwa katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, akakamatwa Agosti mwaka huo huo, miaka mitano kabla ya Kapenguria. Katika mgomo huo bandari ya Kilindini ilisimama. Uhuru haukupiganiwa bara peke yake, na sisi tuliotoka Likoni na Mtongwe, ng'ambo ya bandari hiyo, hatupaswi kuomba radhi kwa kulisema.

Hata hivyo kubadilisha jina hakutoshi. Mwaka 2019 Mashujaa ililetwa Mombasa, kwenye bustani ya Mama Ngina inayotazamana na mkondo wa Likoni. Wiki tatu kabla yake, Septemba 29, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri katika mkondo huo huo, mama na mwanawe wakafa, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa majini. Na kabla yao kuna Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na kuua watu 272. Mwaka ule Siku ya Moi ilikuwa ingali kwenye kalenda.

Nitaambiwa kwamba waliozama si mashujaa, ni abiria tu waliokuwa wakivuka kutafuta riziki. Sawa. Lakini siku ya kuwaenzi viongozi waliopita inastahili kuwa siku ya kuwapima, na kipimo cha kiongozi ni namna raia alivyovuka maji chini ya utawala wake. Nitaambiwa pia kwamba mtu aliye ughaibuni hana haki ya kudai haya. Jamaa zetu wangali wanapanga foleni kivukoni alfajiri, na Katiba ile ile inaturuhusu kubaki Wakenya hata tukiwa na uraia wa pili. Basi ombi langu ni moja, kwa serikali ya kaunti na kwa Wizara inayosimamia sherehe hizi: Oktoba 20 ijayo, kabla ya gwaride na kabla ya hotuba, yasomwe majina ya waliokufa Mtongwe, yote.