Ile 27 ya mlangoni

KAMA umekulia Dar es Salaam, unayajua yale matangazo ya wino mzito yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme kila watoto wa darasa la saba wanapoweka kalamu chini. Kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza, walimu wazoefu, karibuni nyote. Basi bwana, mwaka 2012 kule Mbagala, mwalimu mzoefu nilikuwa mimi. Uzoefu wenyewe ni kwamba nilimaliza kidato cha sita Februari ile, chuo sijapata, na kijiweni washkaji walishaanza kunichoka.

Mzazi anayelipia kozi hizi simlaumu hata kidogo. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari anaingia fomu wani anakuta jiografia, baiolojia, hata hesabu, vyote vimegeuka Kiingereza. Hapo katikati ana likizo ya miezi mitatu. Ukimwacha acheze tu, ameumia.

Darasa letu lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba ya mtu. Watoto 34, ada shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwenye kituo, mzee mmoja mchangamfu sana, aliniita siku ya kwanza akaniambia, "Kijana, mzazi hashibi maneno. Anataka namba." Nikatunga jaribio la maswali 40, nusu hesabu nusu Kiingereza. Wastani ukaja 11. Wiki ya tisa nikawapa tena. Wastani 27!

Mzee alichukua karatasi ya manila akaandika kwa maandishi makubwa: KUTOKA 11 MPAKA 27. Akaibandika mlangoni. Mimi nami nikawa napita mtaani kifua mbele kama nimeteuliwa mkuu wa wilaya.

Sasa nikuambie siri yangu, msomaji. Karatasi ilikuwa ileile. Maswali yaleyale 40, kwa mpangilio uleule. Sikuwa na nia mbaya, hela ya kutoa kopi nyingine ndiyo haikuwepo. Tena katikati tulishafanya masahihisho ubaoni mara mbili.

Jumapili nikaalikwa pilau kwa shangazi. Mwanawe alikuwa darasani kwangu, ametoka 9 mpaka 31. Shangazi ana furaha, ananiita mwalimu kila sentensi. Mara akaleta chupa ya dawa ya kikohozi, maelezo ya Kiingereza kitupu, akamwambia mwanawe, "Hebu msomee kaka yako tuone." Dogo akaigeuza chupa, akaitazama juu, akaitazama chini. Mwisho akanigeukia mimi.

"Kaka, hili halikuwemo kwenye jaribio."

Shangazi akaacha kupakua. "Mwalimu, sasa hiyo 31 ni ya nini?"

Pilau lile sikulimaliza.

Jumatatu nikakopa hela nikatoa karatasi mpya. Ugumu uleule, ila kama mwanzo niliuliza bei ya kilo 3 za sukari, safari hii nikauliza kilo 4 za mchele. Wastani ukaporomoka mpaka 17. Nikajipa moyo, kutoka 11 mpaka 17 si haba. Usiku nikalifungua daftari la mahudhurio, nikaishiwa nguvu. Tulianza 34, waliobaki walikuwa 26. Wale 8 waliokwishaacha, wengi kwa ajili ya ada, ndio waliokuwa chini kabisa. Siku ya kwanza wastani wao ulikuwa 5. Ukiwatoa hao kwenye hesabu ya mwanzo, hawa 26 walianza na karibu 13. Yaani kazi yangu yote ya wiki tisa, kupiga kelele mpaka sauti inakauka, ilikuwa alama nne! Zilizobaki ilikuwa kukariri, na watoto waliofukuzwa na ufukara.

Mmoja wa hao wanane nilimkuta stendi ya Rangi Tatu anauza maji kwenye ndoo. Akaniamkia shikamoo mwalimu, akahudumia watu wanne kwa mpigo, akarudisha chenji zote bila kukosea hata shilingi. Kwenye jaribio langu alipata 4 kwa 40.

Baadaye nilikuja kusikia habari za Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu kwa maswali ya ngazi ya darasa la pili. Walianza Kenya mwaka 2009, hapa kwetu 2010. Wao wanawafuata watoto nyumbani, mlango kwa mlango, hivyo aliyeacha shule naye anahesabiwa. Nikasema kumbe! Ningefanya hivyo, yule wa stendi ningemkuta.

Kulikuwa na binti mmoja wa benchi la mbele, alianza na 37 kwenye karatasi ile ya zamani akamaliza na 38. Baba yake alikuja juu: elfu thelathini nzima kwa alama moja? Wakati binti huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake mimi nikitoka nje kupumzika. Angepanda kwenda wapi, na karatasi yenyewe inaishia 40? Na kijana mmoja alitoka 3 mpaka 14 kwenye karatasi mpya, hakuna aliyempa hata pole. Si amefeli?

Nilimfuata mzee. "Mzee, ile 27 siyo." Nikamweleza yote, na daftari nimelishika. Alinisikiliza vizuri, kisha akacheka. "Kijana, sasa nikabandike nne? Nani atamleta mwanawe kwa nne?" Akanipa bahasha ya mshahara wa Desemba. Nikahesabu, nikanyamaza. Manila ilikaa mlangoni mpaka mvua ikaifuta.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye daladala naelekea Kariakoo, mama mmoja akanishika bega.

"Mwalimu! Wangu alipata 29 kwako. Ulimsaidia sana, Mungu akubariki. Sijui huko sekondari wanamfanya nini, muhula huu kashika mkia."

Konda akafika, anachezesha sarafu mkononi. Nikamlipia yule mama nauli.