Mama ashika usukani jangwani

Watoto walishapanga kila kitu. Baba akistaafu udereva wa basi la jiji na mama akiacha kazi ya kutunza wazee, wangehamia chini ya nyumba ya binti mkubwa, hapo hapo Minnesota, wawe karibu na wajukuu. Wazee wenyewe walikuwa na lao. Januari, theluji ikiwa imefika magotini, walichota akiba wakanunua gari-nyumba la mtumba lenye urefu wa futi 24, na ndani yake kitanda, jiko la gesi, choo na tangi la maji. Leseni ya kawaida inatosha kuliendesha.

"Baba, mnakaribia miaka sabini," binti alilalamika.

"Ndiyo maana," mzee alijibu.

Hawakuwa wa kwanza. Baridi ikikaza kaskazini mwa Marekani, wastaafu wengi huteremka na magari ya aina hiyo hadi majangwa ya Arizona na California. Raia au mkazi wa kudumu aliyefikisha miaka 62 hulipa dola 80 mara moja tu, akapata kadi ya kuingia hifadhi za taifa maisha yake yote. Sehemu nyingi za ardhi ya serikali kuu mtu anaruhusiwa kulala bure hadi siku 14, mradi ana maji yake na haachi taka. Kwa wanandoa hawa wa Kilimanjaro, waliolea watoto watatu Marekani kwa zamu za usiku na mchana, hiyo ilikuwa likizo yao ya kwanza isiyokuwa ya kwenda kuzika au kuoza mtu nyumbani.

Walifika Tucson mwishoni mwa Machi. Anayedhani jangwa ni mchanga mtupu hajaliona la Sonora. Hupata mvua majira ya baridi na tena majira ya joto, na za baridi zikiwa nzuri, Machi vilima vinageuka njano kwa maua. Kuna vichaka vya miiba vyenye ncha nyekundu kama moto wa kiberiti. Na kuna saguaro, kaktasi warefu kama nguzo za umeme, ambao kwa kawaida hawaoti mkono wa kwanza hadi wafikishe miaka 50 au zaidi. Mzee alisimama mbele ya mmoja wenye mikono mitano akauangalia kwa muda.

"Huyu anamzidi marehemu baba," alisema.

Mchana walivaa kandambili, usiku walilala na soksi. Maji walipimiana kwa kikombe, kwani tangi likiisha hakuna bomba karibu. Mama alipika wali na maharage mlango ukiwa wazi, na jioni walikaa nje kwenye viti vya kukunja, wakizungumza Kichaga kilichokuwa kimeanza kuota kutu.

Lakini mama alikuwa anaona mambo. Sahani akiiweka upande wa kulia, mzee anauliza chakula kiko wapi. Mbwa-mwitu mdogo wa jangwani alipita hatua kumi kutoka kwao, yeye hakugeuka. Kila usiku alichelewa kuingia kulala, na alisikika akifungua na kufunga mlango wa friji.

Siri ilifichuka kwenye kijiji kinachoitwa Why, yaani "Kwa nini". Kilipata jina hilo kwa sababu barabara mbili zilikutana hapo kwa umbo la herufi Y. Mzee alikuwa anatoka kujaza mafuta. Upande wa kulia palikuwa na nguzo fupi ya chuma, imepakwa rangi ya njano, mchana kweupe. Aliifuata kama vile haipo. Gari lilikwaruzwa kutoka mlangoni hadi gurudumu la nyuma.

Mtu aliyeendesha basi miaka 22 bila kugusa hata kioo cha mwenzake alizima injini, akaweka mikono mapajani.

"Baba," mama alisema taratibu, "kile kichupa kwenye friji, nyuma ya mayai, ni cha nini?"

Ilikuwa dawa ya matone. Novemba alikuwa ameambiwa ana presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Aghalabu ugonjwa huu hauumi. Huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na mara nyingi mtu hupoteza kwanza kuona kwa pembeni, wakati mbele bado anaona sawasawa na kusoma anasoma. Kilichopotea hakirudi, matone hupunguza kasi tu. Alinyamaza kwa sababu alijua watoto wangemnyang'anya funguo kabla ya safari.

Hapa mzee alikosea, na hakuna namna ya kulipamba. Pale kwenye nguzo angeweza kuwa amesimama mtoto.

Usiku huo, kwenye kambi ya Organ Pipe karibu na mpaka wa Mexico, mama hakugomba. Alimuuliza jambo moja tu: baba mkwe alipofuka vipi? Mzee akaanza kusimulia, akakwama katikati. Baba yake alianza kugonga vitu akiwa na miaka hamsini na kitu. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema amelogwa. Alimaliza maisha akiongozwa kwa fimbo na mjukuu.

"Basi hii si siri yako peke yako," mama alisema.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua glakoma yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na watu wenye asili ya Afrika huipata mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Watoto wao watatu wana kati ya miaka 34 na 41. Hakuna aliyewahi kupimwa zaidi ya kusoma herufi ukutani, kipimo kisichogundua ugonjwa huu.

Asubuhi mama ndiye aliyeendesha hadi mji wa Ajo, kutafuta mtandao. Miaka 30 iliyopita mumewe alimfundisha gari dogo na nusura ndoa ivunjike. Safari hii alimfundisha kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa madereva wanafunzi: nenda mbele zaidi ndipo ukate kona, tazama mkia kwenye kioo, anayekupigia honi mwache apige.

Binti mkubwa alipokea simu, akaamkia, akasikiliza.

"Tangu Novemba, baba? Na umewaendeshea watu barabarani?"

"Ndiyo, mwanangu."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Mdogo wa mwisho hakukasirika. Aliuliza kama babu naye alikuwa nayo, kisha akakaa kimya. Baada ya hapo mzee alimpigia mdogo wake Moshi, akamsihi aende KCMC wiki hiyo hiyo.

Quartzsite, ambako madereva wengine hufika kwa nusu siku, wao walifika baada ya siku mbili. Katika makaburi ya mji huo kuna piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia juu. Ni ya Hadji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na Jeshi la Marekani mwaka 1856, jeshi lilipojaribu kubebea mizigo kwa ngamia jangwani. Wenyeji walishindwa jina lake wakamwita Hi Jolly. Mzee aliyeitwa majina ya kila aina kwenye basi lake alicheka hadi akafuta macho.

Mama aliegesha kando ya barabara. Mzee alishuka, akazunguka gari akigeuza kichwa chote kulia ili aone, akapima kwa hatua nafasi kati ya ubavu uliokwaruzwa na nguzo ya uzio.

"Umeacha hatua mbili," alisema dirishani. "Mimi ningeacha moja."

"Panda twende," mama alimjibu.