Mbuzi Hana Choo

Paka hufukia kinyesi chake. Hata nguruwe tunayemtukana, akipewa nafasi, hutenga pa kulala na pa kujisaidia. Mbuzi hudondosha vidonge popote alipo, ila majani yaliyochafuliwa huyasusa.

Masika moja kwetu Mofu, Bonde la Kilombero lilipofurika, tulimfungia mbuzi na wanawe jikoni, majani tukayatupa juu ya samadi. Njaa iliwashinda, wakala. Wana wawili walihara, wakafa. Mama alisema ni kijicho cha majirani. Mimi, mwenye stashahada, nilinyamaza kwa aibu.

Mwaka uliofuata tuliinua banda juu ya nguzo, sakafu yake fito zilizoachana. Vidonge vikawa vinaanguka chini, nasi tukivizoa kupeleka bustanini.