Udongo Mweusi wa Mkata

Wasafiri wa barabara ya Tunduma wakifika tambarare ya Mkata hutazama twiga na nyati wa Mikumi. Mimi macho yangu hubaki barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana niliyemaliza darasa la saba, nilipata kibarua katika maabara ya udongo ya kambi moja ya ujenzi, na yaliyolazwa chini ya lami ile nayajua kwa kuyabeba, kuyapima na kuyakausha.

Haraka ya kuijenga ilikuwa na sababu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ikaona njia yake ya kusini haiaminiki tena. Mafuta yakaanza kupitia Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa juu ya malori, na malori hayo yakarudi na shaba. Njia yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika yakiingia magari yalizama hadi ekseli, mengine yalipinduka milimani, na madereva wa kizungu wakaibatiza Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, lakini reli ya TAZARA ilikuwa bado inajengwa. Taifa zima lilitaka lami, na lilitaka upesi.

Udongo wa Mkata haujui upesi. Ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unazama ndani yake. Mvua ikinyesha huvimba na kuteleza. Ukiiweka barabara moja kwa moja juu yake, utakuwa umeiweka juu ya kitu kinachopanda na kushuka kila mwaka, na hakuna lami inayoweza kuvumilia hilo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuuondoa. Tingatinga zilichimba, malori yakaleta kifusi chekundu kutoka machimbo ya vilimani, tuta likainuliwa juu ya usawa wa mafuriko, na makalavati yakapangwa ili maji yapite chini badala ya kutuama pembeni. Miezi ilikwenda hivyo, na mpita njia angeapa kwamba hatujaanza kazi.

Mkuu wa maabara yetu alikuwa mzee wa Tanga aliyekuwa amefanya kazi za barabara tangu ukoloni. Kila kifusi kilichotoka machimbo mapya alitaka akione mwenyewe. Tulikishindilia ndani ya kopo la chuma, kisha tukalizamisha kopo majini kwa siku nne. Siku ya tano tulilitoa, tukalisukumia mche wa chuma na kusoma kwenye saa ya kipimo nguvu inayohitajika kuuingiza. Kipimo hicho kilibuniwa na idara ya barabara ya jimbo la California, Marekani, na namba inayopatikana hulinganisha udongo wako na kokoto nzuri zilizopondwa, ambazo hupewa 100. Kifusi cha tabaka la chini tulikitaka kifike 30. Msingi wenyewe, ule unaokaa karibu na lami, tuliutaka ufike 80. Niliwahi kuona udongo uliokuwa mgumu kama tofali siku ya kwanza, na baada ya siku nne majini ukashika 3.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "usiupime udongo siku ya jua. Upime siku yake mbaya."

Kuna siku mvua ilinyesha usiku juu ya tabaka la msingi lililokuwa limeshindiliwa jana yake. Asubuhi magari ya kunyunyizia yalikuwa yamejaa, kokoto zimeshushwa kando, na nyapara alikuwa na hofu ya ratiba. Tulichimba kashimo, tukapima uzito wa udongo uliotoka, tukajaza mchanga mkavu wa kipimo ili kujua ukubwa wa kashimo, tukakausha sampuli kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Maji yalikuwa mengi mno, na ushindiliaji haukufika kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Mzee akaifunga kalamu yake.

"Bwana mhandisi, hapa sitii sahihi."

Mhandisi alikuwa mgeni na kijana, mzee alikuwa mtu wa mshahara mdogo. Walitazamana. Kisha greda likaitwa, likaparua kipande kile chote, kikaanikwa juani na kushindiliwa upya. Nimeona ujasiri wa aina nyingi katika maisha yangu, na huo nauweka juu kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuja kuupigia makofi.

Makofi yalikuja siku ya lami. Kwanza ilimwagwa lami nyembamba iliyochanganywa na mafuta ya taa, ipenye kwenye msingi na kuushika. Baadaye ikaja lami nzito ya moto, kokoto zikatandazwa juu yake na kushindiliwa, kisha lami tena na kokoto ndogo zaidi. Yote hayo, unene wake haukufika sentimita 3. Watu walitoka vijijini kushangilia, watoto wakaijaribu kwa nyayo na kuruka kwa joto. Lami ile kazi yake kubwa ilikuwa ya bati juu ya nyumba: kuzuia maji yasiingie. Uzito wa malori uliendelea kubebwa na kile kilichokuwa chini.

Miaka ya 1980 ilipofika, fedha za matengenezo hazikuwepo. Mitaro ilijaa mchanga na nyasi, nyufa ndogo hazikuzibwa, maji yakaingia, na mashimo yakafuata. Malori nayo yalizidi kujaza. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ukiuongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Ndiyo maana mizani ya barabarani naitetea kila ninapowasikia madereva wakiilalamikia. Tangu wakati huo barabara imefumuliwa na kujengwa upya, na magari ya leo ni mazito kuliko yale tuliyoyaona.

Mwaka huu jirani yangu hapa Morogoro alitaka kuweka lami kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake. Fundi alikuwa ameshaleta mapipa, ili aimwage juu ya udongo uliofagiliwa. Nilimwomba jirani asubiri. Tulichimba pamoja na wanawe, na chini kidogo tukaukuta mweusi uleule. Sasa wameutoa, wamelaza kalavati mbele ya geti na kushindilia kifusi tabaka la kwanza, wakilimwagia maji kidogo kidogo. La pili ni wiki ijayo. Lami itawekwa vuli zikishapita.