MDADA WA KOROGWE ALIYEJIFUNZA KUOTEA KWA MACHUNGWA

Wadau, wapo wadada wanaojifunza mpira ili wapendwe. Huyu alijifunza kwa sababu ya kodi ya chumba.

Anauza machungwa stendi ya Korogwe, mumewe ni bodaboda. Mwezi huo alimkabidhi mume Sh 60,000 ampelekee mwenye nyumba. Jioni jamaa karudi kainamisha kichwa. Hela kaiweka kwenye mkeka, mkeka umechanika kwa mechi moja tu.

"Refa katuibia mke wangu. Goli halali kabisa kalikataa, eti kaotea!"

Mdada kimya. Angebisha vipi wakati kuotea kwenyewe hakujui?

Jumapili akapanda gari mpaka kwao Handeni. Mdogo wake ni kipa wa timu ya mtaani. Dogo akacheka, kisha akamwaga machungwa kwenye mkeka, ule wa kukalia sasa.

"Sikia dada. Kila timu watu 11, kipindi dakika 45, mapumziko dakika 15. Hayo madogo. Sasa njoo kwenye kuotea."

Akaweka chungwa golini, huyo kipa. La pili mbele yake, beki. Lile bovu ndio mshambuliaji.

"Angalia pale mwenzake anapoachia pasi, sio anapoipokea. Kama yuko nusu ya wapinzani, kautangulia mpira, na mbele yake kabaki mpinzani mmoja tu, hapo yuko eneo la kuotea. Akiwa sambamba na beki, salama. Na mpira wa kurushwa, kona au golikiki, hakuna kuotea."

"Kwa hiyo akisimama tu pale ni kosa?"

"Hapana dada. Kosa ni akiucheza mpira au akimsumbua mpinzani."

"Haya mambo ya wanaume bwana."

"Nani kasema? Jonesia Rukyaa si mwanamke? Na mwaka 2016 kachezesha Simba na Yanga!"

Aliporudi Korogwe akamwomba kijana wa kibanda umiza amuoneshe lile goli kwenye simu. "Simamisha hapo anapopiga pasi." Mabeki wote nyuma, mbele kabaki kipa peke yake. Jamaa kaotea mchana kweupe!

Usiku akampangia mume machungwa mezani, moja moja, bila kupandisha sauti.

"Refa hajatuibia mume wangu. Hata hiyo hela ya kodi yeye hakuishika."

Jamaa hakujibu. Wiki mbili zilizofuata alipiga boda mpaka usiku wa manane, deni likaisha.

Siku hizi kodi mdada anaipeleka mwenyewe. Mechi wanaenda wote, na kibendera kikipanda watu kibandani wanamgeukia yeye kwanza: "Dada, kaotea kweli?"

Wewe ungekuwa yeye, ungesamehe? Funguka hapo chini.